Kaliba Nne za Bunduki ya Upepo ya Springi

Bunduki za upepo zinazotumia springi hutengenezwa leo kwa kaliba nne kuu: milimita 4.5, ambayo kwa inchi huandikwa .177, milimita 5, yaani .20, milimita 5.5, yaani .22, na milimita 6.35, yaani .25. Mbili kati ya hizo, 4.5 na 5.5, ndizo zinazojaza rafu za maduka, na nyingine mbili zina wapenzi wachache. Hakuna mkutano uliokaa na kuzipanga kaliba hizi, wala hakuna fundi mmoja anayeweza kuitwa baba yao. Zilibaki baada ya nyingine kujaribiwa na kuachwa kwa zaidi ya karne moja, na mambo matatu ndiyo yaliyozichuja: uwezo wa springi, sheria za nchi na za mashindano, na urahisi wa kupata risasi dukani.

Namna springi inavyoamua

Mlenga shabaha anapokoki bunduki ya aina hii, nguvu ya mkono wake hurudisha pistoni nyuma na kuibana springi ndani ya silinda. Kifyatulio kikivutwa, springi huachiwa, pistoni hukimbia mbele, na hewa iliyo mbele yake hubanwa, hupata joto na kupita katika tundu jembamba hadi kwenye kitako cha risasi. Tendo zima huisha kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Hakuna akiba ya hewa wala baruti: nguvu inayotoka mdomoni mwa mtutu ni sehemu tu ya ile iliyowekwa na mkono, kwa kuwa nyingine hupotea katika msuguano, joto na mshtuko wa pistoni.

Kwa hiyo kaliba kubwa haiongezi nguvu ya bunduki kwa kiasi kikubwa. Hubadilisha tu namna nguvu ileile inavyotumika. Risasi ya kawaida ya 4.5 ina uzito wa gramu 0.5 hivi, ya 5 ina gramu 0.74, ya 5.5 ina gramu 0.95, na ya 6.35 ina gramu 1.3. Zote nne zikisukumwa na jouli 16, ambazo ni karibu na kikomo cha sheria ya Uingereza, ya kwanza hutoka kwa mwendo wa mita 250 kwa sekunde, ya pili mita 208, ya tatu mita 183 na ya nne mita 157. Bila kuhesabu ukinzani wa hewa, hadi zinapofika mita 30 ile ya 4.5 itakuwa imeanguka sentimita 7 chini ya mstari wa mtutu, ya 5.5 sentimita 13, na ya 6.35 sentimita 18. Ukinzani wa hewa huongeza tofauti hizo.

Upande wa pili wa mizani ni uzito na upana. Uso wa risasi ya 5.5 ni mkubwa kuliko wa 4.5 kwa karibu nusu, na ule wa 6.35 ni maradufu. Risasi pana huacha tundu pana, na risasi nzito haiyumbishwi upesi na upepo wa pembeni. Mwenye risasi nyepesi hupata njia iliyonyooka, na mwenye risasi nzito hupata pigo pana. Historia yote ya kaliba za bunduki ya upepo imekwenda kati ya pande hizi mbili.

Kabla ya springi na pistoni

Bunduki za upepo za kwanza zilizofanikiwa zilikuwa na kaliba kubwa kuliko hizi za leo. Mfano unaojulikana sana ni ile iliyobuniwa na Bartholomäus Girardoni na kutumiwa na jeshi la Austria kuanzia miaka ya 1780. Kaliba yake ilikaribia milimita 12, na ilibeba gololi za risasi 20 au zaidi kwenye ghala lililolala kando ya mtutu. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu kitako chake kilikuwa chupa ya chuma iliyojazwa hewa kwa pampu, kazi iliyohitaji mipigo zaidi ya elfu moja. Meriwether Lewis alibeba bunduki ya upepo ya namna hiyo alipovuka bara la Marekani pamoja na William Clark kati ya 1803 na 1806.

Springi nayo ilikuwapo, ila ilifanya kazi nyingine. Katika nchi zinazozungumza Kijerumani mafundi walitengeneza bunduki za mivukuto, ambazo springi zake zilibana mfuko wa ngozi uliofichwa ndani ya kitako na kupuliza kishale chenye manyoya nyuma. Bunduki hizo zilitumika ndani ya kumbi, na baadaye katika vibanda vya shabaha kwenye maonyesho na sherehe za mitaani. Umbali ulikuwa wa hatua chache na kishale kilitumika tena na tena, hivyo kila fundi alitoboa mtutu kwa ukubwa alioutaka. Kaliba ya pamoja haikuhitajika, kwa kuwa risasi haikununuliwa dukani.

Marekani: kaliba iliyokufa na gololi iliyoenea

Hali ilibadilika viwanda vilipoanza kutengeneza bunduki nyingi za bei nafuu. Huko Herkimer, jimbo la New York, Henry Quackenbush alipata hataza ya bastola ya upepo mwaka 1871, na mwaka 1876 akapata ya bunduki ambayo mtutu wake ulisukumwa ndani ili kubana springi. Kampuni yake, ambayo pia ilijulikana kwa vyuma vya kuvunjia njugu, ilichagua kaliba ya .21 na kuuza vishale na vipande vya risasi vya ukubwa huo. Mnunuzi wa bunduki hiyo alifungwa kwa muuzaji mmoja: asipopata risasi za Quackenbush, chombo chake kilikuwa pambo la ukutani. Kwa mwenye kiwanda hiyo ilikuwa biashara nzuri maadamu kiwanda kilikuwa hai. Kaliba ya .21 haikuishi baada ya bunduki zilizoitumia, na leo haipo katika orodha ya mtengenezaji yeyote mkubwa.

Njia nyingine ilianzia Plymouth, jimbo la Michigan. Kampuni moja ya kutengeneza vinu vya upepo, iliyoanzishwa mwaka 1882, ilianza mwaka 1888 kutengeneza bunduki ya chuma iliyobuniwa na Clarence Hamilton. Bunduki ilizidi vinu kwa mauzo, na mwaka 1895 kampuni ikabadili jina na kuitwa Daisy. Watengenezaji wa Plymouth hawakubuni risasi mpya. Walichukua chembe za risasi zilizokuwa zikiuzwa tayari kwa ajili ya bunduki za marisau, za ukubwa ulioitwa BB, wenye kipenyo cha inchi .180. Kila duka la mjini au kijijini lililouza marisau liliuza pia chakula cha bunduki ya mtoto.

Baadaye kipenyo kilipunguzwa hadi .175 ili kuokoa madini ya risasi, na katika miaka ya 1920 gololi za chuma zikachukua nafasi yake, zikiwa na kipenyo cha .173, yaani karibu milimita 4.4. Mtutu wa bunduki za aina hii ni laini, hauna michirizi ndani, na kwa hiyo gololi hairuki kwa usahihi mkubwa. Kwa uwanja wa nyuma wa nyumba ilitosha. Kutokana na ukaribu wa vipimo, wengi wamedhani gololi ya chuma yaweza kupigwa kwa bunduki yoyote ya 4.5. Katika mtutu wenye michirizi gololi hiyo haishiki michirizi na huikwaruza, na makosa hayo yameharibu mitutu mingi mizuri.

Birmingham na namba tatu

Kaliba zinazotawala leo zilipata nafasi yao huko Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo Waingereza walinunua bunduki nyepesi za upepo kutoka Ujerumani, nyingi zikiwa za muundo ulioitwa Gem, uliotokana na kazi ya fundi Mmarekani George Gunn. Zilikuwa za bei ndogo na shabaha yake haikuaminika. Fundi wa bunduki wa Birmingham aliyeitwa Lincoln Jeffries alijaribu kuweka mitutu yenye michirizi katika bunduki za namna hiyo, akaona kwamba hata nguvu ndogo ya springi huweza kupeleka risasi mahali pamoja ikiwa risasi inazungushwa vizuri na imebana barabara ndani ya mtutu. Mwaka 1904 aliwasilisha hataza ya bunduki yenye mtutu usiokunjika na wenzo wa kukokia ulio chini yake.

Kazi ya kuitengeneza ilikwenda kwa Birmingham Small Arms, BSA, kampuni iliyoundwa mwaka 1861 kwa ajili ya bunduki za jeshi. Vita vya Makaburu vilikuwa vimekwisha mwaka 1902, oda za serikali zilipungua, na mashine za kutoboa mitutu zilikuwa hazina kazi ya kutosha. Bunduki za kwanza zilitoka mwaka 1905. Kwa mara ya kwanza bunduki ya upepo ya springi ilitengenezwa kwa usahihi wa karakana ya silaha za vita.

BSA ilitoa mitutu ya ukubwa wa aina tatu na kuipa namba. Namba 1 ilikuwa .177, namba 2 ilikuwa .22, na namba 3 ilikuwa .25. Namba 1 ilikuja kwanza na ndiyo iliyouzwa zaidi. Namba 2 ilikusudiwa wawindaji wa sungura na panya. Namba 3 ilitolewa kwa muda mfupi. Springi za wakati huo hazikuweza kusukuma risasi nzito kiasi hicho kwa kasi ya kuridhisha, na mpigaji alilazimika kulenga juu sana hata kwa umbali mfupi. Wateja wakaiacha.

Upande wa risasi nao ulibadilika katika miaka hiyohiyo. Gololi ya mviringo hugusa michirizi kwa mstari mwembamba tu, na kipande kizito cha mcheduara kina msuguano mwingi mno kwa pumzi ndogo ya springi. Suluhisho lilikuwa risasi yenye kiuno: kichwa kinacholala juu ya michirizi, kiuno kilichominywa, na sketi nyembamba iliyo wazi nyuma. Hewa ikiingia katika sketi huitanua, nayo huziba mtutu na kushika michirizi. Uzito mkubwa huwa mbele, hivyo risasi hurukia kichwa hata ikiwa mzunguko wake ni mdogo. Risasi hiyo ndiyo iliyoifanya .177 kuwa kaliba ya shabaha. Kabla yake ukubwa huo ulikuwa wa gololi za watoto.

Waliopokea bunduki hizo kwa shauku walikuwa wafanyakazi wa viwandani. Baada ya Vita vya Makaburu, Waingereza wengi waliamini kwamba raia wao hawajui kulenga, na vilabu vya bunduki ndogo vikaanzishwa nchini kote. Katika baa za Birmingham na miji ya jirani ukaota mchezo wa kulenga kengele: bamba la chuma lenye tundu la upana wa milimita 10 hivi, kengele nyuma yake, na mpigaji akiwa umbali wa yadi sita au saba. Risasi ikipita kwenye tundu, kengele hulia na kila aliyemo chumbani husikia. Kwa mchezo wa namna hiyo kaliba ndogo ilifaa: ilipita tunduni kwa nafasi, ilitumia madini machache, na bei ya boksi la risasi ilimwezesha fundi wa kiwandani kucheza kila wiki.

Miaka ya kati ya vita viwili

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uchaguzi kati ya .177 na .22 ulikuwa umeshazoeleka Uingereza kiasi kwamba mtengenezaji mpya hakuthubutu kuukwepa. Kampuni ya Webley & Scott, pia ya Birmingham, ilitoa bastola ya upepo mwaka 1924 kwa kaliba hizo mbili. Katika miaka ya 1930 ilitoa bunduki iliyoitwa Service Mark II, ambayo mtutu wake ungeweza kufunguliwa kwa mkono na kubadilishwa. Mmiliki aliweza kununua mitutu ya .177, .22 na .25 na kuifunga kwenye silinda ileile. Bunduki hiyo ilikuwa kama darasa: mpigaji aliona mwenyewe kwamba springi moja hutoa tabia tatu tofauti kwa kubadili mtutu tu.

Ujerumani ilikwenda njia yake. Kampuni ya Mayer & Grammelspacher ya Rastatt, iliyoanzishwa mwaka 1890 na kujulikana kwa chapa ya Diana, ilijaza masoko ya Ulaya bunduki za 4.5 kwa vijana na 5.5 kwa watu wazima. Katika miaka ya 1930 Haenel ya Suhl ilitengeneza bunduki iliyosanifiwa na Hugo Schmeisser, yenye boliti kama ya bunduki ya jeshi na ghala la gololi za risasi za milimita 4.4. Kazi yake ilikuwa kuwazoeza vijana mikono ya askari. Gololi ilichaguliwa kwa sababu hupita kwenye ghala bila kukwama, jambo ambalo risasi yenye kiuno haifanyi kwa urahisi. Hapa kaliba iliamuliwa na ghala, na shabaha ikawekwa nyuma.

Baada ya 1945 Washirika waliwanyima Wajerumani ruhusa ya kutengeneza silaha. Mitambo ya Diana na jina lake vilikwenda kwa Millard Brothers wa Scotland. Ruhusa ilianza kurejea karibu na mwaka 1950, na bunduki za upepo zilikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza kuachiwa. Familia ya Weihrauch, iliyokuwa imehama kutoka Thuringia hadi Mellrichstadt huko Bavaria, ilianza upya kwa bunduki za aina hii. Kwa nchi ambayo bunduki za baruti zilikuwa zimekatazwa, shabaha ya upepo ikawa mchezo wa vilabu, na mchezo huo ukaja kuamua suala la kaliba kwa dunia nzima.

Mashindano yanachagua 4.5

Tatizo la bunduki ya springi katika mashindano ni teke lake. Pistoni ikikimbia mbele, bunduki hurudi nyuma. Pistoni ikigota mwisho wa silinda, bunduki husukumwa mbele. Misukosuko hii hutokea kabla risasi haijatoka mtutuni. Kadiri risasi inavyokawia ndani, ndivyo makosa ya mkono yanavyoingia katika shabaha. Risasi nyepesi ya 4.5 hutoka mapema kuliko ya 5.5, na hiyo ilikuwa faida ya kwanza. Faida ya pili ilikuwa bei, kwani mchezaji wa kweli hupiga maelfu ya risasi kwa mwaka.

Mwaka 1961 Feinwerkbau ya Oberndorf, kampuni ya Karl Westinger na Ernst Altenburger, ilitoa Model 150, ambayo mwili wake huteleza juu ya reli ndogo wakati wa kufyatua ili teke lisimfikie mpigaji. Walther na Anschütz nao walishindana kwa miundo yao. Bunduki zote hizo za mashindano zilikuwa za 4.5. Mwaka 1966, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Wiesbaden, shabaha ya bunduki ya upepo kwa mita 10 iliingizwa rasmi, na mwaka 1984 ikaingia Olimpiki mjini Los Angeles. Medali za dhahabu za kwanza zilichukuliwa na Philippe Heberlé wa Ufaransa kwa wanaume na Pat Spurgin wa Marekani kwa wanawake.

Kanuni ya mashindano hayo inataja milimita 4.5 na haikubali kubwa zaidi. Sababu iko kwenye namna ya kuhesabu alama. Tundu likigusa mstari wa duara la juu, mpigaji hupewa alama ya juu. Anayepiga risasi pana angegusa mstari ambao mwenzake mwenye risasi nyembamba ameukosa, ijapokuwa wote wawili wamelenga sawasawa. Nukta ya kumi kwenye karatasi ya sasa ina kipenyo cha nusu milimita tu, na duara la tisa lina milimita 5.5. Risasi ya 4.5 ni pana mara tisa kuliko nukta yenyewe. Bila kaliba moja kwa wote, alama zisingelinganishika. Kwa ajili hiyo pia risasi za mashindano zina kichwa bapa, kinachokata karatasi tundu la duara safi linalosomeka bila ubishi.

Katika ngazi ya juu springi yenyewe imeachwa. Bunduki za hewa iliyobanwa kabla zimechukua nafasi. Kaliba iliyochaguliwa enzi ya springi imebaki.

Sheria na kikomo cha nguvu

Wawindaji wa wanyama wadogo waharibifu hawakubanwa na karatasi ya shabaha. Walibanwa na bunge. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1969 chini ya Sheria ya Silaha ya 1968 ziliweka kikomo cha futi-pauni 12, karibu jouli 16, kwa bunduki ya upepo isiyohitaji cheti cha silaha. Tangu hapo swali la Mwingereza likawa la hesabu: akiwa na jouli 16 tu, azitumie kwa kasi au kwa uzito? Msemo wa wawindaji wao uligawa kazi hivi: .177 kwa wenye mabawa, .22 kwa wenye manyoya. Ndege huhitaji kupigwa mahali padogo kwa usahihi. Sungura alidhaniwa kuhitaji pigo pana.

Mgawanyo huo ulitikisika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipozaliwa mchezo wa kulenga sanamu za chuma za wanyama zilizosimamishwa mashambani kwa umbali usiotajwa. Mpigaji alipaswa kukisia umbali mwenyewe, hadi yadi 55. Aliyekosea kwa mita tatu au nne akiwa na .22 alikosa kabisa, lakini mwenye .177 mara nyingi bado alipiga. Ndani ya miaka michache .177 ikawa kaliba ya takriban washindani wote, na wawindaji walioshiriki michezo hiyo wakaanza kuipeleka porini.

Ujerumani iliweka kikomo cha chini zaidi, jouli 7.5, kwa bunduki zinazouzwa bila kibali, ambazo hugongwa alama ya herufi F ndani ya pembetano. Kwa nguvu hiyo risasi ya 5.5 yenye gramu 0.95 hutoka kwa mita 126 tu kwa sekunde, na njia yake hupinda mapema. Ile ya 4.5 hupata mita 170 hivi. Si ajabu basi kwamba 5.5 haikustawi katika nchi iliyoitengeneza kwa wingi kwa ajili ya wengine. India imekwenda mbali zaidi na kuitaja kaliba yenyewe: kwa kanuni zake za silaha za mwaka 2016, bunduki ya upepo isiyozidi .177 na isiyofikia jouli 20 haihitaji leseni. Katika soko la namna hiyo mnunuzi wa kawaida hana uchaguzi wa kufanya, kwa kuwa sheria imeshamchagulia.

Kurudi kwa kaliba nzito na ndoto ya katikati

Marekani haina kikomo cha nguvu katika sheria ya taifa zima, na huko springi zilianza kukua. Robert Beeman, mtaalamu wa zuolojia aliyegeuka mfanyabiashara wa bunduki za upepo huko California, aliagiza kutoka Weihrauch bunduki kubwa iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la R1, na Ulaya kwa jina la HW80. Nguvu yake ilizidi jouli 20. Bunduki hiyo na wapinzani wake ziliibua tatizo jipya: kwa nguvu kubwa, risasi nyepesi ya .177 hukaribia mwendo wa sauti, ambao ni mita 340 hivi kwa sekunde, na risasi yenye kiuno huyumba ikikaribia hapo. Matangazo ya biashara yalipenda tarakimu kubwa za kasi, na viwanda vikatoa risasi nyepesi za aloi ili kuzifikia. Wapigaji wazoefu walifanya kinyume: walipoongezewa nguvu, waliongeza uzito. Kwa springi ya jouli 24, risasi ya .22 hutoka kwa mita 225 kwa sekunde, kasi ya kutosha na salama kwa uthabiti wake. Hapo .22 ilipata makao yake halisi, na .25 iliyozikwa na BSA ikafufuka.

Beeman alitetea pia kaliba ya .20. Kaliba hiyo ilijulikana Marekani tangu mwaka 1947 kupitia bunduki za pampu za kampuni ya Sheridan ya Racine, Wisconsin. Hoja ilikuwa nzuri: kasi inayokaribia ya .177, uzito unaokaribia wa .22. Wahandisi hawakuweza kuipinga, ila wenye maduka waliipinga kwa kutoiweka rafuni. Risasi za .20 zilibaki za aina chache na za bei ya juu, na mwenye mtutu wa ukubwa huo ambao hauipendi risasi moja hakuwa na nyingine za kujaribu. Kilichoiua .21 ya Quackenbush kiliizuia .20 kukua.

Suala la aina za risasi lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu jina la kaliba si kipimo kamili. Makopo ya risasi za 4.5 huandikwa vipenyo vya kichwa kama 4.50, 4.51 au 4.52, na mtutu mmoja hupendelea kimoja. Mitutu ya zamani ya BSA na Webley ya .22 ilitobolewa kwa upana kidogo kuliko ile ya Kijerumani, hata kampuni ya Eley ikauza risasi ya Wasp ya milimita 5.6 iliyokaa vizuri katika bunduki hizo. Risasi iliyolegea hupitisha hewa pembeni, nayo pistoni hukosa mto wa kuipokea na kugonga mwisho wa silinda kwa nguvu. Risasi nzito mno nayo huifanya pistoni irudi nyuma kabla kazi haijakwisha. Ndiyo maana mpigaji hujaribu makopo kadhaa kabla ya kuilaumu bunduki, na ndiyo maana kaliba yenye risasi za aina nyingi huishi kuliko ile yenye aina mbili au tatu.

Mabadiliko ya karibuni yanatokana na juhudi za kupunguza madini ya risasi katika mazingira. Viwanda hutengeneza risasi za bati na aloi nyingine, ambazo kwa umbo lilelile huwa nyepesi zaidi. Katika springi yenye nguvu za wastani wepesi huo huumiza 4.5, kwa kuwa risasi hutoka haraka na kupoteza kasi mapema, na pistoni hugonga zaidi. Katika 5.5 upungufu wa uzito huvumilika.

Kwa bunduki ya springi ya kawaida, kati ya jouli 7 na 16, 4.5 ndiyo kaliba ya shabaha, ya mashindano na ya anayejifunza; 5.5 inamfaa mwenye nguvu ya jouli 16 na kuendelea anayekabili panya na sungura kwa umbali mfupi anaoujua; 6.35 inastahili springi kubwa pekee; na 5 inamfaa yule tu mwenye uhakika wa kupata risasi zake.